Shabu na mkusanyiko wa metali ndani ya maji

Nenda duka lolote la viungo na dawa za asili, iwe Kariakoo, Darajani au Marikiti ya Mombasa, uulizie shabu. Utapewa bonge jeupe linalopitisha mwanga, chachu na lenye ukakasi ukiligusisha ulimi. Kinyozi hulipitisha kwenye kidevu kilichokatwa na wembe, wengine hulipaka kwapani kuondoa harufu, na bibi zetu walilizungusha ndani ya mtungi wa maji ya mto yaliyojaa tope. Baada ya muda tope lilishuka chini na maji ya juu yakatakata.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoiingiza shabu, pamoja na ndugu yake salfeti ya alumini, kwenye mitambo ya maji ya miji mikubwa. Mji wa Bolton nchini Uingereza ulikuwa ukiitumia kusafisha maji mwaka 1881, na mwaka 1885 Peter Austen na Francis Wilber wa Rutgers, Marekani, waliandika ripoti kuhusu kuyatakasa maji ya kunywa kwa shabu. Wote hao waliona matokeo kwa macho yao. Ambacho hakuna aliyekiona ni kile kinachofanyika kati ya kuitia shabu na kushuka kwa tope: metali iliyoyeyuka, ambayo kila chembe yake ilikuwa peke yake, huanza kutafutana na wenzake, hushikana wawili wawili, kisha kwa makumi, mpaka inakuwa kitu kinachoonekana. Usalama wa maji tunayokunywa hutegemea kama mkusanyiko huo umekamilika au umekwama njiani.

Tuanze na tope lenyewe. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, huzama kwa mwendo wa sentimita nane hivi kwa siku ikiwa maji yametulia kabisa. Kwa ndoo yenye kina cha sentimita 30 hizo ni siku nne. Chembe iliyo ndogo mara kumi huzama polepole mara mia, na kwa ndoo hiyohiyo ungengoja zaidi ya mwaka. Na hata hapo tumeyapendelea maji, kwa sababu molekuli zake hazitulii. Huzipiga chembe ndogo huku na huku na kuzizuia zisishuke. Chembe hizo zingeungana zingekuwa nzito na kuzama, lakini nyuso zake zina chaji hasi, na chaji zinazofanana husukumana. Ndiyo maana maji ya Ruvu au ya Mto Tana wakati wa masika hubaki na rangi ya chai ya maziwa hata yakilala pipani usiku kucha.

Sasa tuitazame shabu. Ni fuwele yenye potasiamu, alumini, salfeti na maji, na maji ndiyo mengi: karibu asilimia 46 ya uzito wake. Anayenunua kilo ya shabu amenunua karibu nusu kilo ya maji, ingawa mkononi anashika jiwe kavu. (Ikaange uone: itafura, itatoa mvuke na kubaki unga mwepesi.) Alumini yenyewe haifiki asilimia 6. Hata hivyo, gramu moja tu ina atomi za alumini zaidi ya bilioni elfu moja zilizozidishwa kwa bilioni moja. Kila moja imepoteza elektroni tatu na kuwa ioni yenye chaji chanya tatu, na kila moja imezungukwa na molekuli sita za maji zilizojipanga juu, chini na pande nne. Kundi hilo, metali katikati na molekuli zilizoishikilia pembeni, ndilo linaloitwa ioni changamano. Ndani ya fuwele kundi hilo tayari lipo. Ukiitia shabu kwenye maji hulitengenezi, unaliachia huru tu.

Kwamba metali huwa na nafasi maalumu za kushikwa, na kwamba mara nyingi nafasi hizo ni sita, tumeambiwa na Alfred Werner, mwanakemia aliyezaliwa Mulhouse na kufanya kazi Zurich. Alitoa nadharia yake mwaka 1893 akiwa na miaka 26 tu, na mwaka 1913 akapata Tuzo ya Nobeli. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, mtu makini kwelikweli maabarani, ambaye vielelezo vyake vizuri ndivyo Werner alivyovitumia kumshinda. Nitarudi kwa wawili hao, kwa sababu kuna chumvi moja ya kobalti inayowahusu.

Alumini ni ioni ndogo yenye chaji kubwa. Huzivuta elektroni za maji yaliyoizunguka kwa nguvu, hadi haidrojeni za maji hayo zinalegea. Moja hubanduka na kudakwa na molekuli nyingine ya maji iliyo nje ya kundi. Kwa tabia hii ioni ya alumini yenye maji sita ni asidi ambayo nguvu yake inakaribia ile ya asidi ya siki. Uchachu ule wa shabu ulimini haukutoka hewani. Kilichobaki mahali pa molekuli iliyopoteza haidrojeni ni haidroksidi, na haidroksidi ina sifa moja inayobadilisha kila kitu: inaweza kushikilia metali mbili kwa wakati mmoja. Ioni mbili zikikutana, moja ikaachia molekuli yake ya maji, haidroksidi ya mwenzake huingia pale palipo wazi na kuwa daraja kati yao. Mara nyingi madaraja huwa mawili, na pacha hao hawaachani kirahisi. Wa tatu huja, wa nne huja, na kila daraja jipya husukuma haidrojeni nyingine majini.

Sodiamu ya chumvi ya mezani haifanyi hivyo. Ina chaji moja na haiwezi kulegeza haidrojeni za maji yanayoizunguka, hivyo unaweza kuikoroga kutwa nzima isijenge daraja hata moja. Chuma chenye chaji tatu, kwa upande mwingine, hujenga madaraja upesi kuliko alumini, kwa sababu hubadilishana maji yake na maji ya nje mara zaidi ya mia kwa sekunde. Alumini hubadilishana takriban mara moja kwa sekunde. Kromiamu yenye chaji hiyohiyo tatu inaweza kukaa na molekuli ileile ya maji kwa siku kadhaa, na kwa sababu hiyo wanakemia wameweza kuyatenganisha makundi yake moja moja, ya wawili, ya watatu, ya wanne, na kuyasoma kwa raha. Kwa alumini raha hiyo haipo.

Vitabu vyetu vya sekondari huiandika safari hii yote kwa mstari mmoja: alumini kujumlisha haidroksidi tatu, mshale, mashapo meupe. Mstari ule si wa uongo, ila umeruka sehemu tamu. Kati ya upande wa kushoto wa mshale na upande wa kulia kuna jamii nzima ya makundi yanayozaliwa na kufa, na kusafisha maji ni kazi ya jamii hiyo kuliko ilivyo kazi ya alumini uliyoipima kwenye mizani.

Chumvi ya kobalti niliyoitaja huitwa heksoli. Jørgensen ndiye aliyeitengeneza kwanza, lakini ni Werner aliyeielewa: ioni nne za kobalti, moja katikati na tatu pembeni, zimeunganishwa kwa haidroksidi sita, mbili kwa kila upande. Mwaka 1914 Werner aliitenganisha katika maumbo mawili, moja likiwa taswira ya kiooni ya jingine, yakiuzungusha mwanga pande tofauti. Heksoli haina hata atomi moja ya kaboni. Wengi waliokuwa wakiamini kwamba tabia hiyo ni ya misombo ya kaboni peke yake wakanyamaza, na kemia ikapata ushahidi usio na shaka kwamba metali zinaweza kujenga miundo yenye mpangilio kamili kwa madaraja ya haidroksidi.

Kwa alumini ushahidi ulichelewa. Huko Stockholm, Lars Gunnar Sillén na wenzake walitumia miaka mingi katikati ya karne iliyopita wakipima, tone kwa tone, jinsi asidi ya maji inavyobadilika metali moja baada ya nyingine zinapoanza kukusanyana. Vipimo vyao vilionyesha kwamba kuna makundi makubwa, lakini umbo lake halikuonekana kwa namna hiyo. Mwaka 1960 Msweden mwingine, Georg Johansson, alipitisha mionzi ya eksirei kwenye fuwele za chumvi ya alumini na kuliona. Ni kundi la alumini kumi na tatu. Moja imekaa katikati ikishikwa na oksijeni nne tu, na kumi na mbili zinaizunguka, kila moja ikiwa na oksijeni zake sita kama Werner alivyofundisha. Jumla ya oksijeni ni 40 na jumla ya chaji ni chanya saba. Upana wake ni nanomita moja hivi. Muundo kama huo J. F. Keggin wa Manchester alikwisha kuuona mwaka 1933 kwenye asidi yenye fosforasi na tangsteni, madini yasiyo na undugu wowote na shabu. Maumbile, inaonekana, yana umbo moja yanalolipenda la kufungia vitu kumi na viwili kuzunguka kimoja.

Mwaka 2000 likatangazwa kundi kubwa zaidi, la alumini thelathini, ambalo kimsingi ni mawili ya yale ya kumi na tatu yaliyoungwa kwa mkanda wa alumini nne. Chaji yake ni chanya kumi na nane. Halafu mwaka 2002 Gerhard Furrer, William Casey na wenzao walionyesha kwamba makundi haya si mambo ya maabara peke yake: maji yenye asidi yanapotoka kwenye machimbo na kukutana na kijito kisicho na asidi, mabonge meupe yanayoelea hapo yana alama za kundi la alumini kumi na tatu. Mabonge hayo huzoa metali nyingine zenye sumu na kusafiri nazo mtoni, hivyo kuyajua ni zaidi ya udadisi.

Turudi kwenye tope. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Hans Schulze huko Ujerumani, na baadaye William Hardy huko Cambridge, waligundua kwamba nguvu ya chumvi ya kugandisha chembe zinazoelea haipandi kwa hatua sawa na chaji yake, inaruka. Nadharia iliyokuja baadaye ilikadiria mruko huo: ioni yenye chaji mbili ina nguvu mara 64 kuliko yenye chaji moja, na yenye chaji tatu mara 729. Chumvi ya bahari nayo hugandisha tope, na ndiyo sababu mojawapo mto kama Rufiji humwaga udongo wake pale unapokutana na maji ya bahari na kulisha mikoko ya delta, lakini bahari hutumia zaidi ya gramu 30 za chumvi kwa kila lita. Mtambo wa maji hutumia makumi ya miligramu tu za salfeti ya alumini. Makundi yenye chaji saba hung'ang'ania uso wa chembe ya udongo, huizima chaji yake hasi, na chembe zilizokuwa zikikimbiana sasa zinaweza kugusana.

Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni ya nguvu zaidi: dawa ikiwa nyingi kiasi, alumini hujikusanya yenyewe kwa yenyewe mpaka haidroksidi laini isiyoyeyuka inajaa maji yote, na inaposhuka hukokota kila inachokigusa, udongo, mwani na vijidudu vingi. Kati ya njia hizi mbili kuna mtego ambao fundi mpya huuingia. Katika kiwango fulani cha dawa, makundi yenye chaji chanya huzifunika chembe kupita kiasi, nazo hugeuka kuwa na chaji chanya na kuanza kusukumana upya. Umeongeza dawa, maji yakachafuka. Ndiyo maana mitambo yenye utaratibu huwa na benchi la vyombo sita vyenye pangaboi, kila kimoja kikiwa na maji yaleyale na kiasi tofauti cha dawa. Hukorogwa kwa kasi dakika moja hivi, kisha polepole kwa dakika kama ishirini, kisha huachwa yatulie. Kukoroga kwa kasi husambaza dawa kabla makundi hayajakua. Kukoroga polepole huyakutanisha bila kuyavunja. Mvua ikinyesha milimani jibu la leo halifai kesho, na kazi huanza upya.

Kuna dawa ya kisasa zaidi, kloridi ya alumini iliyotiwa haidroksidi kiwandani, ambayo huuzwa ikiwa tayari imejaa makundi makubwa. Badala ya kuyaachia maji ya mto kazi ya kujenga, kiwanda hujenga mapema chini ya uangalizi. Hufanya kazi kwa dozi ndogo na hutoa asidi kidogo zaidi. Mlonge nao una njia yake: mbegu zake zilizotwangwa hutoa protini yenye chaji chanya, nayo hugandisha tope kwa kanuni ileile, bila metali. Tatizo lake ni kwamba maji hubaki na mabaki ya mbegu yanayooza ukiyaweka siku nyingi.

Na kabla hatujaondoka kwenye faida: haidroksidi na fosfeti za alumini zilizokusanyana ndizo pia zimo kwenye chanjo nyingi za watoto, za pepopunda na dondakoo zikiwemo, tangu Alexander Glenny alipoona mwaka 1926 kwamba shabu huongeza nguvu ya chanjo. Mama anayempeleka mtoto kliniki amekutana na mkusanyiko huu bila kuambiwa.

Tarehe 6 Julai 1988, huko Lowermoor karibu na mji wa Camelford, kusini-magharibi mwa Uingereza, dereva wa lori alimwaga tani 20 za salfeti ya alumini kwenye tangi lisilo lake. Mzigo ule uliingia moja kwa moja kwenye maji yaliyokwisha kusafishwa, yanayohudumia watu wapatao 20,000. Dawa ileile ambayo kila siku ilikuwa ikiyasafisha maji yao sasa ikawa sumu, na sababu ni ya kikemia. Kila daraja linapojengwa haidrojeni hutoka. Haidrojeni nyingi mno zikitoka bila kuwa na kitu cha kuzimeza, maji huwa makali na ujenzi husimama. Alumini ikabaki moja moja, kila ioni na molekuli zake sita, imeyeyuka kabisa, haionekani na haichujiki. Asidi hiyo ilikula mabomba ya shaba, na baadhi ya watu wakaona nywele zao zinageuka rangi ya kijani. Mamlaka ya maji iliwaambia wananchi kwamba maji ni salama, na ukweli ulichukua zaidi ya wiki mbili kutangazwa. Kuhusu madhara ya muda mrefu, mabishano hayajaisha hadi leo.

Shirika la Afya Duniani linasema mitambo mikubwa inayoendeshwa vizuri inaweza kubakisha miligramu 0.1 ya alumini kwa lita au pungufu, na midogo 0.2. Kufika hapo kunahitaji pH ya kati ya 6 na 7 hivi, kwa kuwa hapo ndipo alumini inapokuwa na uwezo mdogo kabisa wa kuyeyuka. Shuka chini yake, inarudi kuwa ioni moja moja. Panda sana juu yake, inachukua haidroksidi ya nne, inapata chaji hasi na kuyeyuka tena. Kila miligramu moja ya salfeti ya alumini hula karibu nusu miligramu ya ualikali wa maji, yaani uwezo wake wa kumeza asidi, ukipimwa kama kalisi kaboneti. Maji ya visima vingi na ya mito mingi yana bikaboneti ya kutosha kugharamia hilo. Maji ya mvua hayana. Anayetia shabu kwenye pipa la maji ya mvua yaliyoingia vumbi la bati, akaona hayatulii, asiongeze shabu; atie chokaa kidogo kwanza. Na akishapata maji yaliyotakata kwa macho, ayachemshe au ayatie klorini, kwa sababu shabu hupunguza vijidudu, haiviui.

Kuna mahali ambapo hata pH sahihi haitoshi, nako ni kwetu. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro na bonde lote la ufa hadi Nakuru ina maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Watoto hukua na meno ya kahawia, na palipozidi mifupa hupinda. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu 4, si kwa kupenda bali kwa kukosa maji mengine. Katika miaka ya 1970 taasisi ya utafiti wa mazingira ya India, NEERI, ilibuni njia ya kutumia shabu na chokaa kwa dozi kubwa, mamia ya miligramu kwa lita, wakaiita kwa jina la wilaya ya Nalgonda. Njia hiyo ilijaribiwa pia Ngurdoto, mkoani Arusha, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi.

Alumini huipenda floraidi kuliko karibu metali nyingine yoyote iliyo majini, na hapo ndipo penye shida. Floraidi ina ukubwa unaokaribia wa haidroksidi, hivyo huchukua nafasi yake kuzunguka alumini. Lakini haijengi madaraja kwa urahisi kama haidroksidi. Sehemu ya floraidi hushuka na mashapo kama ilivyokusudiwa. Sehemu nyingine hujifunga na alumini katika makundi madogo yaliyoyeyuka, yanayopita kwenye kichujio cha mchanga kana kwamba hakipo. Maji yanatoka yametakata, yana alumini na floraidi zilizoshikana, na kipimo kinachosoma floraidi huru peke yake kitayatangaza kuwa mazuri. Ni lazima mpimaji atie kwanza dawa ya kuinyang'anya alumini floraidi yake, ndipo asome.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya mashapo mengi ambayo kaya haijui iyatupe wapi, kituo cha Ngurdoto kiliegemea zaidi kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hushika floraidi ndani ya madini ya mfupa. Nakuru nako mkaa huo umetumika kwa miaka mingi. Hakuna ladha wala rangi inayobadilika mkaa unaposhiba, kwa hiyo kaya yenye chujio hilo hulazimika kupeleka maji yapimwe mara kwa mara na kubadilisha mkaa kabla floraidi haijaanza kupita.